Mabwawa ya Samaki na Sababu ya Perege Kudumaa

Ukipita katika nchi za milimani zenye vijito visivyokauka, mara nyingi utaona shimo la mraba kando ya mto, limemea matete na magimbi, na ndani yake maji kidogo ya matope. Ukimwuliza mwenyeji, atakuambia, "Hapo zamani palikuwa na bwawa la samaki." Ukizidi kuuliza kwa nini liliachwa, jawabu karibu kila mahali ni moja: samaki walikataa kukua. Walitiwa wadogo, wakakaa mwaka, wakakaa miaka miwili, wakavuliwa wadogo vile vile, wembamba, vichwa vikubwa kuliko miili, urefu wa kidole. Mwenye bwawa akachoka, akawaachia watoto wavue kwa ndoana.

Jambo hili si la kijiji kimoja wala la nchi moja. Katika Kenya majaribio ya kufuga perege mabwawani yalianza mwaka 1924, na mwaka 1948 Serikali ya siku zile ilifungua kituo cha samaki huko Sagana. Katika Tanganyika majaribio yalianza Korogwe na Malya mwaka 1949. Katika Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji mabwawa yalichimbwa kwa bidii kubwa, hata ulipokaribia mwaka 1960 yalihesabiwa kuwa zaidi ya laki moja. Tena katika Kenya, miaka ya 1960, watu walihimizwa kula samaki, na maelfu ya mabwawa yakachimbwa upande wa kati na wa magharibi wa nchi ile. Mengi katika hayo yote yaliachwa. Hatusemi kwamba sababu ilikuwa moja tu, maana Kongo iliingia katika fitina na vita, na kwingineko wataalamu wa kuwaongoza wakulima walikuwa haba. Lakini hata palipokuwa na amani na wataalamu, samaki walidumaa, na mkulima hachimbi mara ya pili shimo lisilomlisha.

Wako waliolaumu maji, wako waliolaumu mbegu, na wako waliomtazama jirani kwa jicho la pembeni. Kisa chenyewe kimo katika tabia ya perege mwenyewe, na mtu akiisha kuifahamu haoni ajabu tena. Lakini kwanza hatuna budi kueleza samaki huyu hula nini, maana bila hilo mengine hayataeleweka.

Mkulima ajua ya kuwa ng'ombe hali jua wala mvua. Hula majani, na majani ndiyo yaliyokula jua na mvua. Ndani ya maji mambo ni hayo hayo, ila majani ya humo ni madogo mno hata jicho haliyaoni moja moja. Mwalimu mwenye hadubini akitia tone moja la maji ya bwawa chini ya kioo chake, ataweza kuwaonyesha wanafunzi mimea hiyo, mingine mviringo, mingine kama uzi, na katikati yake wadudu wadogo sana wanaoila. Mimea hiyo ikiwa mingi, maji yote hugeuka rangi ya kijani. Perege huichuja katika maji, pamoja na wadudu wale, na tena hula vitu vilivyooza chini ya bwawa. Wengine wa jamaa yake hula hata majani makubwa ya nchi kavu wakitupiwa. Basi mwenye bwawa hawalishi samaki kwanza. Huyalisha maji, na maji ndiyo yawalishayo samaki.

Hapa ndipo lilipo kosa la kwanza la watu wengi. Wao hupenda kuona maji meupe, safi, yanayopita. Hufungua mfereji juu, hufungua na chini, mto ukaingia na kutoka mchana na usiku, na humwonyesha mgeni kwa furaha jinsi chini ya bwawa paonekanavyo. Bwawa la namna hiyo ni sawa na shamba ambalo mwenyewe hulitia samadi asubuhi na kulifagia jioni. Maji mapya huchukua rutuba yote na kuipeleka kwa watu wa bondeni, tena huyapoza maji, na perege hapendi baridi. Hustawi maji yakiwa na joto kama digrii 25 hata 30; yakishuka sana huacha kula, asikue hata akiwekewa karamu. Maji yatakiwa yaingie kwa kadiri ya yale yaliyokauka kwa jua na kunywewa na ardhi, basi.

Samadi ya ng'ombe, ya mbuzi au ya kuku yafaa. Kona moja ya bwawa huzungushiwa fito kama zizi dogo, na humo hutiwa samadi na majani mabichi, yaoze polepole na kuyatia maji nguvu. Mahali penye udongo mchachu hutangulizwa chokaa kabla ya maji. Pumba za mpunga au za mahindi, mchwa, majani ya muhogo na ya magimbi hutupwa kama kitoweo cha ziada, mahali pamoja na saa ile ile kila siku, ili mwenye bwawa awaone samaki wake wakija na kutambua wagonjwa. Na kipimo cha maji hakinunuliwi dukani. Tia mkono majini hata kiwiko, kiganja ukikikunja kielekee juu. Ikiwa kiganja chapotea machoni pako maji yafikapo kiwikoni, bwawa li zuri. Ikiwa bado wakiona wazi, ongeza samadi. Ikiwa chapotea maji yangali kwenye kifundo cha mkono, umezidisha.

Kuzidisha kuna hatari yake, na hatari hiyo hutokea alfajiri. Mimea ile midogo hutoa ndani ya maji hewa iitwayo oksijeni wakati wa jua, na samaki huivuta kwa matamvua yake. Usiku mimea haitoi tena. Nayo hupumua kama samaki, na vitu vinavyooza hutumia hewa hiyo hiyo. Maji yakiwa mazito mno, kabla ya kucha hewa huwa imekwisha karibu yote. Ukiona asubuhi samaki wamepanda juu wote pamoja, vinywa wazi, wakitweta, usidhani wanaomba chakula. Hapo acha samadi siku kadha, na fungua maji mapya upesi.

Sasa twafika kwenye tabia ya perege. Dume huchimba chini ya bwawa kiota mfano wa sahani, akakilinda na kuwafukuza madume wenzake. Jike huja akataga humo, kisha huyaokota mayai yake yote kwa kinywa, na kuyabeba humo hata yaanguliwe. Watoto wakiisha kuanguliwa hukaa kinywani siku nyingine; huanza kutoka kidogo kidogo kutembea, na wakishtushwa na kivuli hurudi mbio katika kinywa cha mama yao. Kwa muda wa kama wiki mbili jike huyu hali, au hula kidogo mno. Ndiyo sababu dume humzidi jike kwa ukubwa: chakula cha dume huwa nyama, na cha jike huwa mayai na siku za kufunga.

Katika ziwa au mto mkubwa malezi haya ni ya lazima, maana maadui ni wengi. Watoto wakiachwa huliwa na kambale, na samaki wengine wakubwa, na mnandi, na mdiria. Wachache hukua, na wale wachache huwa na maji mapana na chakula tele. Jike wa ziwani hakimbilii kuzaa. Hungoja awe mkubwa. Lakini mtie perege huyo huyo katika bwawa dogo, naye huanza kuzaa akiwa wa miezi mitatu au minne tu, mwenye uzito wa gramu thelathini au arubaini, na hurudia kila baada ya wiki nne hata sita maadamu maji yana joto. Maadui hawapo. Mwenye bwawa amewafukuza kwa mikono yake mwenyewe, naye alidhani afanya wema.

Na tufanye hesabu ambayo mwalimu aweza kuwapa wanafunzi. Bwawa lina mita 20 kwa 10, yaani mita za mraba 200. Limetiwa vifaranga wawili kwa kila mita ya mraba, jumla 400. Tuseme rutuba ya bwawa hilo yatosha kufanya nyama ya samaki kilo 64 kwa miezi sita. Wakifa themanini wakabaki 320, na wasipozaa, kila mmoja atapata gramu 200. Huyo ni samaki wa kuwekwa mezani mbele ya mgeni. Lakini tuseme nusu ya wale 400 ni majike, na kila jike amezaa watoto mia moja mara moja tu. Hao ni 20,000. Hata robo tatu yao wakifa, wamebaki 5,000. Kilo ni zile zile 64, maana samadi haikuongezeka. Zigawanye: kila samaki apata gramu zisizofika 13, tena hapo hatukuwahesabu wazee wao. Bwawa halikukosa samaki, limejaa samaki. Perege ndiye gugu la perege mwenziwe, na shamba lile halikupaliliwa hata mara moja.

Mtu aliyeshika hesabu hii aona mara moja kwamba kungoja hakufai kitu. Wengi husema, "Bado wadogo, tuwaache mwaka mwingine." Mwaka mwingine huongeza midomo, hauongezi nyama.

Njia ya kwanza ya kuponya ni kuvuna bwawa lote kwa wakati wake, kiasi cha kila miezi sita, kwa kuyatoa maji yote hata matope yaonekane. Kuvua kwa ndoana au kwa kapu hakutoshi, kwani hutoa wakubwa wachache na kuwaacha wazaao. Kwa hiyo bwawa lisilo na mahali pa kutolea maji upande wa chini lina upungufu tangu siku ya kuchimbwa, na twawasihi wakuu wa vijiji watakapoombwa kiwanja cha bwawa walitazame hilo kwanza: mteremko kidogo upo, maji yaweza kutoka yenyewe? Samaki wadogo waliovunwa hawatupwi. Hukaushwa, hupikwa na mboga, au hupewa kuku na bata. Na mia chache walio wazima huchaguliwa wawe mbegu ya msimu ujao. Bwawa liachwe siku kadha lipigwe na jua, matope mengi yatolewe yakarutubishe mgomba, ndipo maji yarudishwe.

Njia ya pili ni kumrudisha adui, lakini kwa kiasi. Kambale mmoja huwekwa kwa kila perege kumi hata ishirini, awapunguze watoto. Yapasa kambale atiwe akiwa mdogo kuliko perege waliomo, tena baada yao, ama sivyo atameza mbegu yenyewe na kuacha maji matupu.

Njia ya tatu ni kufuga madume peke yao. Samaki akifika gramu thelathini hivi hupinduliwa tumbo juu, akatazamwa nyuma ya tumbo karibu na pezi la chini. Dume ana matundu mawili, jike ana matatu, na tundu la kati la jike ni kama mstari mwembamba uliolala. Tone la wino likipakwa hapo huonekana vema zaidi. Kazi hii yataka macho ya kijana na subira ya mzee. Majike machache hupita wasitambuliwe, ila hasara yao ni ndogo kuliko ya mamia.

Juu ya madume hao kuna habari ambayo wenyeji wa pwani ya Tanzania wafaa kuijua. Mwaka 1939 katika kisiwa cha Java, huko Indonesia, mtu mmoja aitwaye Mudjair alipata karibu na bahari samaki wasiojulikana kwao, akawazoeza maji matamu na kuwafuga. Walipochunguzwa walionekana kuwa perege wa Afrika, wa mito ya Zambezi na ya kusini yake. Walifikaje ng'ambo ya bahari ile kuu, haijulikani hata leo. Lakini katika nchi ile samaki huyo huitwa mujair kwa jina la mtu yule. Kutoka Java walienea katika nchi nyingi za Asia, na kila walikofugwa taabu ilikuwa ile ile tuliyoieleza: kuzaa mno na kudumaa.

Katika Malaya palikuwa na chuo cha kuchunguza ufugaji wa samaki, mjini Malacca, chini ya Bwana C. F. Hickling. Huko waliletwa perege kutoka Unguja, wa jamaa ya perege wa Mto Wami. Dume wa kutoka Unguja alipooanishwa na jike wa aina ile ya Java, watoto wote wakawa madume. Bwana Hickling aliitangaza habari hii mwaka 1960, na tangu hapo wataalamu wa nchi nyingi wakafuata njia ya kutafuta mbegu ya madume matupu. Siku hizi njia iliyoenea zaidi ni nyingine: vifaranga wachanga hulishwa kwa wiki tatu hata nne chakula kilichotiwa dawa ya kiume, wakakua karibu wote madume, nao huuzwa na wenye mashamba ya mbegu. Lakini twaomba msomaji akumbuke kwamba mlango wa kwanza ulifunguliwa na samaki wa mto wa Morogoro, ambaye watu wa huko walimvua kwa mgono na kumla kwa ugali bila kujua kwamba ana thamani hiyo.

Twalisema hili kwa sababu perege wa asili wa mito yetu wamo hatarini, na hatari yenyewe yatoka mabwawani. Mbegu inayouzwa sana leo ni ya sato. Sato ni samaki mwema, hukua upesi. Lakini wengi wadhani yeye ni mwenyeji wa Ziwa Victoria tangu kale, na sivyo. Wenyeji wa ziwa lile walikuwa ngege na mbiru. Nyavu za makila zililetwa ziwani mwaka 1905, na mavuno ya ngege yakashuka hata Serikali ikamleta Bwana Michael Graham kuyachunguza mwaka 1927 na 1928. Baadaye, katika miaka ya 1950, waliingizwa sato kutoka maji mengine, na sangara naye akatiwa. Sangara aliwala furu, ambao aina zao zilikuwa mamia, na nyingi zimetoweka. Ngege karibu amekwisha katika ziwa kubwa. Husalia katika viziwa vya kando, kama Kanyaboli wa Siaya. Hatukatai kwamba sangara ameleta fedha nyingi kwa watu wa Mwanza, Kisumu na Jinja. Twasema tu kwamba aliyekwisha kutiwa ziwani hakuna awezaye kumtoa.

Sato akitoroka bwawani akaingia mtoni hafanyi kelele kama sangara. Huoana na perege wa mto ule, wakazaa mchanganyiko, na baada ya vizazi kadha yule wa asili hatambulikani tena. Katika Tanzania mchanganyiko wa namna hii umekwisha kuonekana katika mito na maziwa kadha. Kwa hiyo bwawa lichimbwe kando ya mto, wala si ndani ya njia yake. Matuta yapite kimo cha mafuriko ya masika. Na bomba la kutolea maji lifungwe wavu wa matundu madogo. Samaki waliobaki baada ya kuvuna wasimwagwe mtoni, hata kwa huruma. Na kabla ya kuleta mbegu ngeni ya namna yoyote aulizwe Afisa Uvuvi, maana jambo hilo lina sheria.

Neno dogo juu ya afya. Wengine huogopa kwamba bwawa litaleta mbu na kichocho. Bwawa lililotunzwa halileti mbu wengi, kwa kuwa samaki hula viluwiluwi vyao. Bali kingo zikiachwa zimee majani, mbu hujificha humo samaki wasiwafikie, na konokono wa kichocho hupata makao. Kingo zifyekwe, na watu wasijisaidie karibu na maji.

Mwenye kwenda kuchukua vifaranga aondoke mapema, wakati wa baridi ya asubuhi. Siku moja kabla ya safari wasilishwe, ili wasichafue maji ya chombo. Chombo kifunikwe kwa kitambaa kilicholowa, na njiani kisikae juani. Akifika, asiwamwage mara moja. Akiweke chombo ndani ya bwawa kwa muda, halafu atie maji ya bwawa ndani yake kidogo kidogo, hata joto la maji haya na yale liwe sawa, ndipo akiinamishe na kuwaacha watoke wenyewe. Siku hiyo hawana haja ya pumba. Ikiwa samadi ilitiwa bwawani wiki mbili mbele, chakula chao kimekwisha kuwa tayari.